Presha ya Mimba Ikishuka, Kliniki Imalizane na Mama?

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa Tanzania ilikuwa ikipoteza akina mama 556 katika kila vizazi hai 100,000. Utafiti kama huo wa mwaka 2022 ulipata vifo 104. Wanawake wanaojifungulia katika vituo vya huduma nao wamefika 81 katika kila 100. Nyuma ya tarakimu hizo wako wakunga waliokesha, madereva wa magari ya wagonjwa na sindano zilizofika kwa wakati.

Mafanikio hayo yamezaa swali jipya. Mwanamke aliyeokolewa kutoka kwenye kifafa cha mimba akiwa na miaka 26 anarudi nyumbani akiwa bado na miongo ya kuishi. Tafiti zinaonyesha kwamba yeye, pamoja na mwenzake aliyepata kisukari cha mimba, wako katika hatari kubwa kuliko wanawake wengine ya kuugua moyo, kiharusi na kisukari huko mbele. Kwa utaratibu uliozoeleka, huduma ya baada ya kujifungua hufungwa siku ya 42. Je, kliniki imalizane naye siku hiyo, au iendelee naye?

Nimeliweka swali hili mbele ya wahusika wanne: mkunga wa kituo cha afya, daktari wa moyo, mganga mkuu wa wilaya anayepanga bajeti, na mama aliyeyapitia. Ni wahusika niliowaunda kwa ajili ya mjadala huu, lakini misimamo yao ndiyo inayogongana kila hoja hii inapofika mezani. Mwishoni nitatoa wangu.

MKUNGA: Nianze na ninachokiona kila siku ya kliniki. Mama anafika na mtoto wa wiki sita mgongoni. Anakaa kwenye benchi, anamfungua mtoto, tunamvalisha ile kaptula ya mizani, tunamtundika, tunasoma uzito na kuweka nukta kwenye kadi. Mtoto anachomwa sindano, analia, ananyonya, wanaondoka. Mashine ya presha iko mezani, hatua mbili kutoka pale mama alipokaa, na hakuna aliyemfunga mkono. Wiki sita kabla, mama huyohuyo alikuwa wodini na presha ya 170 kwa 110, tukimchoma magnesia ya kuzuia degedege usiku kucha. Anayechanja hana habari hiyo, kwa sababu kadi ya ujauzito imebaki nyumbani.

MGANGA MKUU: Sista, uchungu wako naujua. Lakini sote tulifundishwa kwamba tiba ya presha ya mimba ni kujifungua. Kondo la nyuma likitoka, presha inashuka. Nina zahanati ambako muuguzi mmoja anazalisha, anachanja, anagawa dawa na kuandika ripoti za mwezi. Kila semina inamwongezea kipimo na rejesta. Sasa mnataka amfuatilie mtu ambaye presha yake imeshashuka?

DAKTARI: Hilo la tiba kuwa ni kujifungua ni kweli kwa siku zile za hatari tu. Hata katika wiki ya kwanza halijatimia, maana presha hupanda tena kati ya siku ya tatu na ya sita, wakati mama wengi wameruhusiwa baada ya saa 24. Na kuna wanaoanza kupata degedege la kifafa cha mimba wakiwa tayari wamejifungua. Ya miaka ya mbele ndiyo mazito zaidi. Wanasayansi wamebishana juu yake kwa muda mrefu. Leon Chesley, huko New Jersey, aliwafuatilia hadi miaka ya 1970 wanawake walionusurika kifafa cha mimba kati ya 1931 na 1951. Aliona kwamba waliokipata katika mimba ya kwanza hawakuwa na presha zaidi kuliko wanawake wengine. Matokeo yake yaliwatuliza madaktari kwa miongo.

MGANGA MKUU: Kumbe basi niko sahihi.

DAKTARI: Ungekuwa sahihi kama utafiti ungeishia hapo. Norwei imekuwa ikiandikisha kila uzazi tangu 1967. Mwaka 2001 watafiti wake walichapisha matokeo ya uzazi zaidi ya 600,000. Mwanamke aliyepata presha kali ya mimba na kujifungua kabla ya siku zake alikuwa na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo na mishipa mara nane ya mwenzake aliyejifungua kwa wakati bila tatizo hilo. Mwaka 2007 zikakusanywa tafiti zilizohusu wanawake zaidi ya milioni tatu. Kwa waliowahi kupata presha kali ya mimba, hatari ya presha ya kudumu ilikuwa karibu mara nne, ugonjwa wa mishipa ya moyo mara mbili, kiharusi karibu mara mbili. Kwa kisukari cha mimba, uchambuzi wa 2020 ulikuta hatari ya kupata kisukari cha ukubwani ikikaribia mara kumi.

MGANGA MKUU: Daktari mwenzangu, hao ni Wanorwei. Wana chakula chao, umri wao na hospitali zao. Tena hujanijibu moja: mimba ndiyo iliyoharibu mishipa, au mishipa ilikuwa mibovu tangu awali? Kama ilikuwa mibovu, basi tupime presha ya kila mtu mzima na tuachane na habari ya mimba.

DAKTARI: Yote mawili yana ushahidi. Katika presha ya mimba, mishipa inayolisha kondo haipanuki inavyotakiwa. Kondo likikosa damu ya kutosha linamwaga kwenye damu ya mama kemikali zinazoumiza ngozi ya ndani ya mishipa, ndiyo maana figo, ini na ubongo huumia kwa pamoja. Makovu ya namna hiyo yanaweza kubaki. Wapo pia walioingia kwenye ujauzito wakiwa na udhaifu ambao haujajitokeza. Gari lenye injini iliyochoka linakwenda vizuri tambarare. Likianza kupanda mlima Kitonga, linachemka. Likipoa huko juu, dereva makini hasemi limepona, analipeleka gereji. Kwangu mimi, sababu iwe hii au ile, mama huyu amejitambulisha mwenyewe akiwa na miaka 26, miaka ishirini kabla ya kiharusi. Wanaume hawapati ishara ya mapema namna hiyo.

Kuhusu Norwei, nakubaliana nawe kwamba tunahitaji takwimu zetu za miaka mingi. Mwanzo upo. Hospitali ya KCMC pale Moshi imekuwa na rejesta ya uzazi tangu 2000, iliyoanzishwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Bergen. Rejesta hiyo ilionyesha kwamba kati ya wanawake waliowahi kupata presha ya mimba, karibu mmoja kati ya wanne huipata tena katika mimba inayofuata. Hao ni wa Kilimanjaro.

MAMA: Naomba na mimi niseme, Daktari. Nilikuwa na miaka 26, mimba ya wiki 34. Kichwa kiliuma siku tatu, nikaona vimulimuli, miguu ikavimba hadi kandambili hazikuingia. Nyumbani walisema ni mimba tu. Nilizinduka hospitalini, nikaambiwa nilitupwa na kifafa na mtoto ameshatolewa, kilo moja na nane. Kila mtu alinipongeza kwa kuwa hai, na mimi nilimshukuru Mungu. Siku ya kuruhusiwa nilielezwa namna ya kumbeba mtoto kifuani, namna ya kumkamulia maziwa na tarehe ya chanjo. Juu ya presha yangu niliambiwa imeshuka. Basi. Nilipofika miaka 34 nilikwenda duka la dawa kununua ya maumivu ya kichwa, muuzaji akanipima: 180 kwa 115. Sasa figo zangu zinachunguzwa. Kliniki ya watoto nilikwenda kila tarehe, sikukosa hata moja. Mkono wangu ulikuwepo, Mganga Mkuu.

MGANGA MKUU: Pole sana, dada yangu. Siwezi kubishana na hilo. Lakini kazi yangu inanidai ushahidi kwamba tukifanya jambo, kitu kinabadilika. Magnesia nilikubali kwa sababu jaribio la mwaka 2002, la wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, lilionyesha inapunguza degedege kwa nusu. Nionyesheni jaribio la namna hiyo kwa ufuatiliaji. Ninalolijua mimi ni lile la India, Bangladesh na Sri Lanka lililochapishwa 2022. Wanawake 1,600 waliowahi kupata kisukari cha mimba; nusu wakafundishwa mlo na mazoezi kwa njia za gharama nafuu. Baada ya mwaka na kitu, karibu robo ya kila kundi sukari ilikuwa imeharibika zaidi. Tofauti haikuonekana. Hizo ni nchi za hali kama yetu.

DAKTARI: Umelitaja kwa haki na sitalikwepa. Linatuambia kuwa ushauri pekee, kwa mama mwenye kichanga, ni mwepesi mno. Marekani, katika jaribio kubwa la kuzuia kisukari, wanawake waliowahi kupata kisukari cha mimba walipunguza hatari kwa karibu nusu, kwa mazoezi na mlo uliosimamiwa kwa karibu au kwa vidonge vya metformini. Usimamizi wa namna ile hatuna, lakini metformini ni dawa ya bei ndogo. Presha nayo ni habari tofauti. Hatuhitaji jaribio jipya kujua kwamba mtu mwenye 180 kwa 115 akitibiwa, kiharusi kinapungua. Hilo limethibitishwa zamani. Kinachokosekana ni kumpata kabla hajafika huko. Tena watafiti wa Oxford, mwaka 2023, walionyesha kwamba wanawake waliojipima presha nyumbani baada ya kujifungua, na dawa zao zikarekebishwa kwa ukaribu, walikuwa na presha ya chini miezi tisa baadaye kuliko walioachwa kwenye utaratibu wa kawaida.

MKUNGA: Na yapo yanayohitaji uamuzi mapema, hayangoji miaka ishirini. Mama aliyepata presha ya mimba akipata mimba nyingine, anatakiwa aanze aspirini ya kiwango kidogo baada ya wiki ya 12 na kabla ya wiki ya 20. Kama historia yake haijaandikwa mahali inapoonekana, anafika kwangu na wiki 26, muda umepita. Akija kutaka uzazi wa mpango, mwenye presha hapaswi kupewa vidonge vyenye homoni mbili. Nitajuaje kama simpimi? Wanaonyonyesha kwa muda mrefu baada ya kisukari cha mimba hupata kisukari kwa kiwango kidogo zaidi, lakini wengi hawajui kwamba ziwa linamsaidia na mama pia. Wakati huohuo tunamjaza mzazi uji wa sukari nyingi na mtori wenye mafuta, kwa upendo wote, hata yule ambaye sukari yake ilikuwa juu mwezi uliopita.

MGANGA MKUU: Hili la mimba inayofuata limenigusa, maana linaingia kwenye takwimu ninazoulizwa kila robo mwaka. Sasa tuhesabu. Jaribio la vidonge vya kalisiamu lililofanyika Dar es Salaam, matokeo yake yakatoka 2024, lilihusu wanawake 11,000 wa mimba ya kwanza, na karibu watatu katika kila mia walipata presha kali ya mimba. Tuseme wilaya inazalisha wanawake 10,000 kwa mwaka na kiwango ni hichohicho. Hao ni 300. Mwaka wa pili ni 600. Mwaka wa kumi nina 3,000 wanaongoja kupimwa na kupewa dawa. Msamaha wa malipo kwa mjamzito unaisha baada ya siku 42. Bima ya afya kwa wote ina sheria tangu 2023, lakini sheria haijazi stoo. Nikiagiza dawa za presha Bohari ya Dawa, nazipata nusu.

MKUNGA: Mkuu, hesabu hiyohiyo tuliogopeshwa nayo wakati wa UKIMWI. Tuliambiwa mjamzito atapewa dawa za kumkinga mtoto, akijifungua aache. Malawi ikaanza 2011 kumpa mama dawa za maisha, na sisi tukafuata 2013. Leo hakuna mkunga anayeuliza kwa nini mama aendelee na kliniki ya UKIMWI, yaani CTC, wakati mtoto ameshazaliwa salama. Kipimo kilichofanyika katika ujauzito kikawa mlango wa huduma ya maisha. Mama ana namba, ana kadi, ana tarehe, asipokuja anatafutwa. Tunajua kufanya hivi.

MGANGA MKUU: Tulijua kwa fedha za wafadhili, Sista. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, sote tuliona jinsi wahudumu walivyobaki hawajui kesho yao. Sitaki kujenga nyumba nyingine juu ya msingi wa mtu mwingine.

DAKTARI: Ndiyo maana tusijenge nyumba nyingine. Dawa za UKIMWI mwanzoni zilikuwa ghali na zikimilikiwa na makampuni machache. Amlodipini na nifedipini ni dawa za zamani zinazotengenezwa na viwanda vingi. Mashine za kupima presha zipo za bei nafuu zilizobuniwa kwa wajawazito, zinazochajiwa kwa chaja ya simu na kuonyesha taa ya kijani, njano au nyekundu. Zimejaribiwa Uganda, Zambia na Sierra Leone. Na linganisha na upande wa pili wa leja. Mama mmoja wa miaka 45 akipata kiharusi, au akaanza kusafishwa damu kwa sababu figo zimekufa, gharama yake inakula dawa za watu wangapi?

MGANGA MKUU: Gharama hiyo haitoki kwenye fungu langu, inatoka kwenye ng'ombe na shamba la familia. Najua hilo si jibu la kujivunia. Ila na nyie mnijibu: mkimwambia binti wa miaka 26 kwamba ana hatari ya moyo, atalala usingizi? Mume na wakwe watasemaje?

MAMA: Hofu niliyoipata dukani siku ile ilikuwa kubwa kuliko yoyote ambayo ningepewa na Sista kwa upole. Wakwe walishasema yao. Kuna walioniambia nimerogwa, kuna walioniambia nina mashetani. Mtu wa kliniki angekaa na mume wangu akamwambia, "Mkeo alipata ugonjwa wa mishipa ya damu unaohusiana na ujauzito, unafuatiliwa kwa kipimo cha dakika chache," angekuwa amenitetea. Sikuhitaji kuitwa mgonjwa wa moyo. Nilihitaji kuambiwa, "Pima kila mwaka, na ukitaka mtoto mwingine njoo mapema."

DAKTARI: Nikuongezee sentensi moja ambayo kila mama angeambiwa. Kuna moyo unaopanuka na kudhoofika mwishoni mwa ujauzito au katika miezi mitano baada ya kujifungua, na presha ya mimba huongeza hatari yake. Mama anashindwa kulala chali, anaegemea mito miwili au mitatu, anakohoa usiku, miguu inavimba upya wakati alitakiwa awe anapungua. Nyumbani wanasema ni uchovu wa uzazi, zahanati inampa dawa ya nimonia. Huyu apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

MGANGA MKUU: Na kisukari je? Vituo vyangu vingi vinapima mkojo tu. Nusu ya mnaotaka wafuatiliwe sijui hata ni akina nani.

DAKTARI: Hapo tuanze na tunaowajua. Aliyekutwa na sukari katika ujauzito apimwe tena kati ya wiki ya 6 na ya 12, kisha kila mwaka mmoja hadi mitatu. Aliyezaa mtoto wa kilo nne na zaidi naye apimwe, hata kama hakuwahi kuambiwa kitu. Presha itangulie, kwa sababu mashine yake ipo. Sukari ifuate kadiri vipimo vinavyopatikana.

MGANGA MKUU: Basi niseme ninapoweza kufika. Rejesta mpya, hapana. Kliniki mpya yenye siku yake, hapana. Kupima presha ya mama siku mtoto anapochanjwa, kwa wale waliopata tatizo, naweza kuanza bila kuomba ruhusa ya mtu. Dawa zikikosekana, nitataka mnisaidie kupiga kelele kwenye baraza la madiwani.

MKUNGA: Mkuu, kelele hizo tumezizoea.

Nimewasikiliza wote wanne, na huu ndio uamuzi wangu.

Mganga mkuu ana haki katika mambo mawili. Hatuna bado takwimu zetu za miaka ishirini, na ushauri wa mdomo pekee haujathibitika kuzuia kisukari katika nchi zenye hali kama yetu. Anayedai kliniki mpya za kifahari kwa jambo hili anamwongezea mzigo muuguzi ambaye tayari amelemewa. Lakini haki hiyo haitoshi kumwacha mama aende. Presha ya juu inapimika kwa dakika chache, inatibika kwa dawa za bei ndogo, na tunajua ni wanawake gani wenye uwezekano mkubwa wa kuipata. Kujua hayo yote kisha kumfungia mama faili siku ya 42 ni uzembe, na uzembe huo una majina ya wanawake wanaopooza wakiwa bado wanasomesha watoto.

Njia ipo tayari, na mama anaikanyaga kwa miguu yake. Mtoto huletwa wiki ya 6, ya 10, ya 14, mwezi wa 9 na mwezi wa 18. Nafasi tano. Wizara iweke kwenye kadi ya mtoto mstari mmoja unaosema kama mama alipata presha, kifafa au kisukari cha mimba, na nafasi ya kuandika presha yake katika kila hudhurio. Mstari huo ukiwekwa alama, mama apimwe. Baada ya mwezi wa 18 apewe tarehe ya mwaka unaofuata, kama anavyopewa mtu wa CTC. Presha ikibaki 140 kwa 90 au zaidi wiki ya 12 ikiwa imepita, hiyo si presha ya mimba tena, aanzishiwe matibabu ya presha ya kudumu. Halmashauri nazo zitenge fungu la dawa hizo kabla hazijatenga la posho za vikao.

Nawe msomaji, kama uliwahi kupata presha, kifafa au kisukari katika ujauzito, iwe mwaka jana au miaka kumi na tano iliyopita, usingoje kichwa kiume. Nenda kituo chochote kilicho karibu, mwambie mhudumu yaliyokupata kwa maneno hayahaya, na umwombe akupime presha na sukari. Kama ni mke wako, mama yako au dada yako, mpeleke wiki hii.